Jinsi chungu cha uji na mirija mirefu vilivyotufungua midomo sisi vijana wa Malaba

Wakuu, salamu kutoka Malaba, hapa mpakani, ambapo ukitupa jiwe vibaya linaangukia Uganda.

Nimesoma humu nyuzi nyingi za vijana wanaosema wamechoka, hawalali, hawana mtu wa kuongea naye. Huwa napita kimya kwa sababu sijui nianzie wapi. Leo nimeamua kuandika.

Haya yote niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyanywa kwa mdomo wangu mwenyewe. Mtaelewa huko mbele. Majina nimebadilisha, na yule ambaye habari hii inamhusu zaidi ameniruhusu niandike.

Ni ndefu kidogo. Mwenye chai aiweke karibu.

Mimi niiteni Nekesa. Ni fundi wa kushona, nina kibanda karibu na soko, na kazi yangu kubwa ni uniform za shule. Pia ni mmoja wa waanzilishi wa kikundi cha vijana hapa kwetu. Kilianza kama vikundi vingine vyote: kusafisha mitaro, kupanda miti, kuchezesha mpira likizo ikifika.

Halafu tukaanza kuona wenzetu wanapotea.

Sisemi kuhama. Mtu yuko kwao, unapita mlangoni kwake kila siku, lakini hayupo.

Kati ya hao alikuwemo Ekisa.

Kwa wale wa mbali nieleze kidogo. Malaba inaishi kwa malori. Trela zinatoka Mombasa, zinafika hapa, zinavuka kwenda Kampala na kwingine. Zamani dereva akifika alihitaji mtu wa kumkimbizia karatasi, kutoka dirisha hili hadi lile, kutoka ofisi hii hadi ile. Ekisa alikuwa mkimbizaji wa karatasi. Alijulikana na madereva kwa jina, wengine walimpigia simu wakiwa bado njiani. Ukisikia mtu anacheka kuanzia stendi hadi kwenye geti la mpaka, ni yeye.

Baadaye mambo ya karatasi yakahamia kwenye kompyuta. Sisemi kompyuta ni mbaya. Dereva aliyekuwa analala hapa barabarani sasa anapita na kuwahi kwake. Lakini wale waliokuwa wanakimbia katikati, hakuna aliyewauliza wataenda wapi.

Wengine walipata vitu vingine. Ekisa alijaribu hiki na kile, kisha akaingia chumbani kwake nyuma ya nyumba ya mama yake, na akakaa humo.

Simu imezimwa. Ndevu zimeachwa. Ukienda kumwona, unamkuta amelala mchana, uso umeelekea ukutani. Ukimuuliza vipi, anajibu maneno mawili tu: "Niko tu."

Wakuu, mkimsikia kijana wa Kenya anasema "niko tu" kwa sauti ile, msipite haraka.

Kwa hiyo lengo letu lilikuwa wazi tangu mwanzo, hata kama kwa mdomo tulisema tunataka kusaidia vijana wote wa mpakani. Tulitaka Ekisa arudi.

Tulianza kwa kufanya kila kitu vibaya.

Tuliomba ukumbi mdogo wa kanisa, tukapewa Jumamosi mchana. Tukapanga viti vya plastiki kwa duara. Tukaita mtu kutoka Busia mjini, mzuri sana, msomi wa mambo ya ushauri, akabandika karatasi kubwa ukutani na kutuambia tuko huru kusema lolote.

Alimuuliza wa kwanza, "Unajisikiaje?" Akasema, "Niko sawa." Wa pili, niko sawa. Wa tatu, niko sawa kabisa. Duara lote lilikuwa sawa. Ungedhani ni kikundi cha watu wenye furaha kuliko wote Afrika Mashariki.

Na tulikuwa tumekipa kikao jina lenye maneno "afya ya akili". Hapa kwetu ukisema akili na afya pamoja, watu wanasikia wazimu. Wiki iliyofuata nilipita stendi, mwendesha boda mmoja akaniita, "Fundi! Nasikia mmefungua ile group ya wazimu. Mnapima na mizani ama?"

Waliokuja Jumamosi ya pili walikuwa wachache. Ya tatu, tukabaki kama familia.

Ekisa hakuja hata moja.

Sasa tuje kwa Makokha. Makokha ni wa Butula, anauza chaja na kava za simu hapa sokoni, na mdomo wake hauna breki. Siku hiyo tulikuwa tumekaa kwenye viti vyetu vya plastiki, tunaangaliana kama watu wanaongoja daktari, akasema:

"Mimi nimefanya utafiti wangu. Walevi wako na afya ya akili kutushinda."

Tukacheka. Akaendelea.

"Si utani, aki. Pitieni pale wazee wanakunywa ajon. Mzee anaingia amenyamaza, baada ya muda kidogo anawaambia wenzake vile bibi amemfukuza, vile ng'ombe amekufa, vile hajalala. Na wanamsikiza! Hakuna karatasi kwa ukuta. Hakuna mtu anamuuliza 'unajisikiaje'."

Ajon ni pombe yetu ya wimbi. Inakaa ndani ya chungu kikubwa, watu wanakizunguka kwenye viti vifupi, kila mmoja na mrija wake mrefu unaoingia chunguni. Wengi mmeona picha.

Omuse, ambaye ni Mteso wa hapa hapa na anatengeneza baiskeli, akamwambia, "Wewe unataka tulewe ndio tupone?"

"Nani amesema pombe? Nimesema chungu. Weka uji."

Sote tukacheka tena. Halafu, mmoja mmoja, tukaacha kucheka.

Hebu fikirieni. Kwenye viti vya plastiki, macho yako yanaenda wapi? Kwa uso wa mwenzako, na wake kwako, na wote mnaona aibu. Kwenye chungu, macho yote yanaangalia chungu. Mkono wa kulia umeshika mrija, kwa hiyo simu haina mahali. Ukikosa la kusema, unanyonya kidogo, na hakuna anayeona umenyamaza. Chungu kinakupa ruhusa ya kukaa karibu na mtu bila kumkabili.

Tatizo, chungu tutatoa wapi?

Kila mtu alijua chungu kizuri kuliko vyote Malaba kiko wapi. Kilikuwa jikoni kwa mama yake Ekisa.

Mama huyo alipika ajon miaka mingi, kama mama yake kabla yake. Kisha akaokoka, akaacha, lakini chungu hakukivunja wala kukiuza. Alikuwa mteja wangu pia. Nikamwendea na gauni lake mkononi, nikamweleza taratibu: si pombe, ni uji, ni vijana wanataka kukaa pamoja.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku anageuza geuza lile gauni kuangalia pindo.

"Nitawapa," akasema. "Lakini hicho ni chungu cha mama yangu. Mtu wa nje habebi. Atakibeba Ekisa, atakipeleka, na atakirudisha."

"Mama, na akikataa?"

"Akikataa basi hamna chungu." Akanitazama kidogo, kisha akaongeza polepole, "Hawezi kukataa. Anajua ni cha nyanya yake."

Wakuu, mimi nimehudhuria semina mbili tatu za mambo haya. Hakuna iliyonifundisha alichokifanya mama yule kwa sentensi chache.

Jumamosi ile Ekisa alifika amebeba chungu begani. Alikuwa amekonda. Tisheti ilikuwa inamning'inia kama imeazimwa. Akakiweka chini mlangoni, hakusalimia mtu, akaenda kukaa nje kwenye jiwe, akageuza mgongo.

Tukasema sawa. Angalau ametoka chumbani.

Tulikuwa tumepika uji wa wimbi, mzito, ule wa kusimamisha kijiko, maana mpishi alikuwa Makokha na kwao Butula uji mwepesi ni matusi. Tukaumimina chunguni. Tukaingiza mirija tuliyoazima kwa wazee, tukaichemsha kwanza, tukakaa kwa duara tukiwa na heshima zote.

Tukanyonya.

Hakuna kitu.

Tukanyonya tena. Mashavu yameingia ndani, macho yametoka nje. Omuse mishipa ya shingo imesimama. Mimi nilisikia masikio yanaziba kama nimepanda mlima. Uji haupandi hata kidogo.

Makokha akasema, "Ngojeni niifungue njia," akapuliza.

Sasa, kwenye chungu kuna sheria, na sheria ya kwanza kabisa ni kwamba mrija haupulizwi. Mtoto wa Kiteso anaijua kabla hajajua kusoma. Makokha hakuijua. Uji uliruka kutoka chunguni kama chemchemi na kutua kwenye shati jeupe la Omuse, lile la kanisani, kifua kizima.

Halafu tukasikia sauti mlangoni.

"Hamjatoa chujio, wajinga nyinyi."

Alikuwa Ekisa. Alikuwa amesimama pale ameshika fremu ya mlango, na mabega yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka. Si kile kicheko cha kusikika hadi kwenye geti, kilikuwa kidogo tu, kama injini ya pikipiki iliyolala muda mrefu. Lakini kilikuwa kicheko.

Akaingia, akachomoa mrija wa Omuse, akatuonyesha ncha yake. Mle chini kuna kichujio kidogo kilichosukwa, cha kuzuia machicha ya pombe. Unga wetu ulikuwa umekijaza na kukiziba kabisa. Akavitoa vyote, akasema uji uongezwe maji mpaka uwe mwepesi, na uachwe upoe hadi uwe vuguvugu kwa sababu ukinyonya ukiwa moto utaungua mpaka kooni. Kisha akakaa. Hatukumwambia akae. Kulikuwa na kiti, akakaa.

Siku hiyo hakusema lingine. Alimaliza uji wake, akasubiri wote wamalize, akabeba chungu, akaenda.

(Naona mkuu mmoja hapo chini ameshauliza kama mambo ya chungu kimoja si uchafu. Kila mtu ana mrija wake, unachemshwa kabla na baada, na mwenye kikohozi anapewa kikombe chake pembeni. Hakuna anayemcheka. Sawa, tuendelee.)

Tukakaa hivyo Jumamosi nyingi. Na kweli watu wakaanza kuongea.

Si mara moja. Kwanza ilikuwa utani, mpira, bei za vitu, nani ameoa nani. Kisha katikati ya utani mtu anaangusha kitu kizito, anakiacha pale, ananyonya uji. Makokha, mzee wa vichekesho, ndiye aliyetushangaza. Siku moja alisema, huku ameangalia chungu, kwamba akifunga kibanda jioni anakaa ndani kwa muda kwa sababu anaogopa kurudi kwenye chumba kisicho na mtu. "Nikiwa na nyinyi nachekesha," akasema. "Nikiwa peke yangu sijui niseme nini."

Hakuna aliyemwambia jikaze. Omuse alimwambia tu, "Basi ukifunga kibanda pitia kwangu. Mtoto analia sana, utausahau huo upweke." Na akaanza kupitia huko.

Ekisa alikuwa anasikiliza. Kila Jumamosi analeta chungu, anakaa, anasikiliza, anarudisha chungu. Jumatatu hadi Ijumaa mama yake aliniambia bado ni chumbani tu. Lakini Jumamosi ikifika, anaoga.

Kisha uvumi ukaanza.

Ni rahisi kuelewa ulivyoanza. Mtu akipita nje ya dirisha la ukumbi wa kanisa, akaona vijana wamezunguka chungu wana mirija mdomoni, wanacheka, ataenda kusema nini sokoni? Habari ikafika kwa Mama Prisca.

Mama Prisca ndiye mwenye funguo za ukumbi. Ni mama mmoja mwenye kitambaa kichwani kilichonyooka kama rula, na akiingia mahali hata mbuzi wanasimama wima. Pia ni mama mkwe wa Omuse. Kumbukeni hilo kwa dakika chache zijazo.

Alikuja Jumamosi moja bila hodi, amefuatana na akina mama wengine wawili. Mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Kumbe ni kweli! Ndani ya nyumba ya Mungu!"

Mimi nikasimama kueleza. Lakini kabla sijafungua mdomo, Omuse alikuwa ameshageuka rangi. Kwetu huku, Wateso kwa Waluhya, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chungu kimoja. Hata kuangaliana uso kwa uso ni shida. Na Mama Prisca alikuwa anakuja moja kwa moja kwenye chungu.

Omuse alimsukumia Ekisa mrija wake mkononi. "Nishikie!" Na akatoka kwa dirisha.

Wakuu, ni mtu mzima, fundi, baba wa mtoto. Tuliona tu viatu vyake vikipita.

Hii "nishikie" nayo ina maana yake. Ukitoka kwenye chungu huachi mrija wako ukielea hovyo. Unamwachia jirani akushikie. Na aliyeshikiwa hauweki chini mpaka mwenyewe arudi, kwa sababu kuuweka chini ni kama kusema huyu hana tena nafasi hapa. Ekisa akawa ameshika mirija miwili, mmoja kila mkono, ameduwaa.

Mama Prisca akatusimamia. "Mnakunywa nini?"

"Uji, mama," nikasema.

"Uji unanywewa na mirija? Mimi ni mtoto?"

Mimi niliogopa, niwe mkweli. Ukumbi ungefungwa, hatukuwa na mahali pengine pa kwenda. Na bila Jumamosi, najua Ekisa angerudi kuangalia ukuta wiki nzima.

Na ni Ekisa aliyejibu. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama, onja. Wako upo hapa." Akamwonyesha kwa kidevu mrija mpya uliokuwa juu ya meza, maana mikono yake ilikuwa imejaa.

Mama Prisca akatazama akina mama wenzake. Akauchukua mrija kama mtu anayeshika nyoka, akainama, akanyonya. Akanyonya tena. Akainuka, akajifuta midomo kwa leso.

"Hii ni uji," akatangaza.

"Ndiyo, mama."

"Mbona haina sukari?"

Kesi ikaishia hapo. Alikaa kidogo, akauliza tunaongea nini, tukamwambia tunaongea maisha. Akatuambia milango ya ukumbi iwe wazi ili anayepita aone na asikie harufu, na kwamba ataleta sukari. Alipoondoka, Omuse alirudi kwa dirisha lile lile, ana majani kwenye nywele, akanyoosha mkono kwa Ekisa.

"Mrija wangu."

Ekisa akampa. "Ulikuwa unakimbia kama swara," akamwambia. Tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Nilidhani sasa tumefika. Bado.

Jumamosi moja baadaye, watu walikuwa wanaongea kuhusu asubuhi. Ilianza kama mchezo tu: ukiamka kitu cha kwanza unachofikiria ni nini? Mmoja akasema chai. Makokha akasema madeni yake na akavunja watu mbavu kwa kusimulia anavyomkwepa anayemdai. Omuse akasema mtoto. Zamu ikawa inakuja upande wa Ekisa.

Nilikuwa nimekaa karibu naye. Niliona mkono wake umebana mrija mpaka vidole vimebadilika rangi.

Zamu ilipomfikia, akasimama. Akaniwekea mrija mkononi.

"Nishikie, Nekesa."

Akatoka. Tukadhani anaenda haja. Tukaendelea. Kisha tukaona hajarudi. Kisha mtu akatazama nje, akasema hayupo uani, na barabarani haonekani.

Makokha akasimama. "Mimi namfuata."

"Kaa," Omuse akasema. "Ukimfuata atajua anakimbizwa. Mpigie mama yake, aangalie kama amefika nyumbani. Sisi tukae."

Nikampigia mama yake kwa mkono mmoja. Akasema hajafika, akasema atasimama mlangoni. Na mimi nikabaki nimeshika mirija miwili.

Wakuu, mimi ni mtu wa kueleza kila kitu kwa utaratibu, lakini saa ile sina namna nzuri ya kuieleza. Uji ulikwisha. Muda wa kufunga ulipita. Hakuna aliyesema twende. Mkono wangu wa kushoto ulikufa ganzi, Makokha akataka kunipokea, nikakataa. Aliniachia mimi.

Jua likaanza kushuka, funguo zikasikika. Mama Prisca amekuja kufunga. Akasimama mlangoni bila kuingia, kwa heshima ya Omuse, ambaye tayari alikuwa anaangalia dirisha.

"Bado mko? Chungu si kimekauka?"

"Tumeshikia Ekisa mrija, mama," nikasema.

Alitazama kile kiti kitupu. Ni Mteso, hakuhitaji kuelezwa. Akarudisha funguo kwenye mfuko wa gauni lake.

"Basi mimi pia sifungi," akasema, na akaketi nje kwenye lile jiwe, ametupa mgongo ili mkwewe apumue.

Ekisa alirudi mwanga ukiwa bado upo. Viatu vimejaa vumbi. Alisimama mlangoni, akatuona tumekaa vile vile alivyotuacha, akaona mkono wangu. Akaja, akachukua mrija wake, akakaa, akanyonya.

Ikatoka sauti ya hewa tu.

"Mmemaliza yote?" akasema.

Makokha alicheka kwanza, halafu akaanza kulia, halafu vyote pamoja.

Na Ekisa akaongea. Aliangalia ndani ya chungu kitupu na akaongea. Alisema zamu ilipokuja aliona hana jibu. "Asubuhi nikiamka sina mahali pa kupeleka miguu. Nikifikiria siku nzima iko mbele yangu, nachoka kabla sijaamka." Alisema alikuwa ameenda kusimama pale geti, mahali pake pa zamani, akaangalia trela zinapita na hakuna dereva aliyemwita. Akaanza kurudi nyumbani akalale, na moyoni alikuwa ameamua kwamba hatakuja tena.

"Chungu najua mngekirudisha nyumbani wenyewe," akasema. "Lakini nikakumbuka mrija. Nikajisemea, huyu Nekesa atakuwa bado ameshika. Huyu ni mkaidi. Hataweka chini."

Nikamwambia, "Mkono umekufa."

"Pole," akasema. Na akashika huo mkono, akaukanda vidole, kimoja kimoja, huku anaendelea kuongea.

Wakuu, nisiwadanganye kwamba siku ya pili aliamka amepona. Uji si dawa. Wiki iliyofuata Omuse alimsindikiza kliniki, kuna nesi pale anayejua kusikiliza na ambaye amesomea mambo haya. Alimwambia kinachomsumbua kina jina, kinatibika, na hakimfanyi kuwa mwendawazimu wala mvivu. Akaenda tena na tena. Kuna wiki nzuri na kuna wiki mbaya. Zile mbaya anatuambia, na hiyo ndiyo tofauti.

Siku hizi yuko kwenye yadi moja ya malori, anaelekeza madereva wanaporudisha trela nyuma. Kazi ya kupiga kelele. Inamfaa.

Nilichojifunza, nikiweke kwa lugha nyepesi kwa walio kwenye vikundi vya vijana. Usianze kwa kumuuliza mtu anajisikiaje. Mpe kwanza kitu cha kubeba, mahali pa kukaa, na kitu cha kufanya mikono yake. Mengine yatakuja kwa mwendo wake. Na akitoka, usimfunge nafasi yake. Pia, mjue mapema kliniki ipi iliyo karibu ina mtu wa kusikiliza, kwa sababu kuna mambo yanayozidi nguvu za marafiki, na kumsindikiza mtu huko si kumtupa.

Si lazima iwe chungu. Mwezi uliopita wasichana wanaouza nguo Busia mjini walituita tuwaonyeshe tunavyofanya. Hawana chungu, wakaamua watakuwa wanabambua njugu pamoja. Tulimwomba Ekisa aende akawafundishe. Alikataa neno kufundisha, lakini akaenda, nami nikamsindikiza.

Walimkaribisha kwa kiti cha mbele. Akakitazama, akakisogeza kando, akaingia katikati yao na kuvuta beseni la njugu mapajani.

Msichana mmoja akamuuliza, "Boss, sasa tunaanza na nini?"

"Hakuna kuanza," Ekisa akasema. "Bambua. Mimi pia leo sikuamka vizuri."

Nikaona mabega ya wale wasichana yanashuka, mmoja baada ya mwingine.

Haya, wakuu, uwanja ni wenu. Huko kwenu vijana hukusanyika wakifanya nini kwa mikono: kusuka, kuosha pikipiki, kupepeta mahindi? Niambieni, tuone ni wapi panaweza kuongezwa kiti kimoja. Na wewe unayesoma kimya na jibu lako kwa kila mtu ni "niko tu", andika hapa chini hata neno moja, au nitumie ujumbe pembeni. Nikiwa kwenye cherehani nachelewa kujibu, ila nitajibu.